Mama Zamu na Mistari Saba ya Joka

Zamani neno lilikuwa na uzito. Sisemi kwa mafumbo. Nasema uzito wa mizani. Ukurasa mmoja wa herufi za risasi ulikuwa mzito kama mtoto mchanga aliyenyonya akashiba, na ukiuangusha mguuni uliukumbuka mwezi mzima. Leo mtu anabonyeza kitufe, maneno yanamwagika kama maji ya bomba lililopasuka, na hakuna hata anayemtafuta fundi. Lakini sikukaa hapa kulia. Nimekaa kuandika habari za mwanamke mmoja ambaye hamumjui, kwa sababu wanaoandikwa kila siku ni wale wale wenye magari ya bendera. Tena ndani ya habari zake kuna kosa langu, na nataka niliandike mwenyewe kabla halijaandikwa na mwingine vibaya.

Mwanamke huyo alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Watu walimwita Mama Zamu, maana miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya dirisha dogo la kioo akiita, "Zamu yako! Aliye na kadi ya kijani, zamu yako!" Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na miwani aliyoifunga kwa plasta ya hospitali. Hakusoma sana shuleni. Mimi pia sikusoma. Nilivyovijua nilivijua kwa kupanga vitabu vya watu herufi kwa herufi, na mtu akipanga kitabu kwa mkono wake hawezi kukiruka ukurasa kama wafanyavyo wasomi.

Hadithi zake zilianza kwa sababu ya kilio. Chumba cha kungojea kilitenganishwa na chumba cha daktari kwa mbao tupu, na kila jino liking'olewa wote walisikia. Watoto waliparamia mlango. Watu wazima nao, nisiwafiche, walikumbuka ghafla kwamba wameacha nyumba wazi. Siku moja Mama Zamu akasema tu kutoka dirishani kwake, huku akigonga mihuri, "Hapo zamani kulikuwa na joka linaloitwa Fukuto, na jino lake la nyuma lilikuwa linauma hata likitema moto linatema kwa upande mmoja." Chumba kikanyamaza. Akaendelea. Fukuto aliishi juu ya mnara wa saa katika mji wenye baridi, na msichana mpiga kengele ndiye aliyempandishia makaa ya mawe, bonge moja moja, ili moto wake usizimike. Hadithi ikifika penye utamu, koleo likilia ndani, Mama Zamu anakata: "Zamu yako!"

Hivyo hakuna aliyewahi kusikia mwisho. Watu wakaanza kurudi. Daktari wa meno, mtu mpole asiyependa makuu, akamwita pembeni.

"Mama, leo nimefungua midomo tisa. Saba haina hata tundu."

"Si ndiyo sifa yako, daktari? Umewatibu."

"Hawa wanakuja kwa ajili ya joka lako!"

"Basi waambie joka linasema wapige mswaki."

Daktari ndiye aliyemshauri aandike, ili watu wasome nyumbani wamwachie viti vya wagonjwa. Akaandika migongoni mwa kadi za miadi zilizokwisha muda, mwandiko mdogo wa mviringo, kila kadi na namba yake pembeni, halafu akazifunga kwa bandeji na kuniletea kiwandani kwetu. Ndivyo tulivyojuana. Aliweka furushi lile juu ya meza yangu kama mtu anayeleta mguu uliovunjika.

Mimi waliniita Mzee Risasi, kwa ajili ya zile herufi. Kiwanda chetu kilichapa risiti, kalenda, na vitabu vidogo vya watu wasio na jina. Nilisoma kadi tatu nikiwa nimesimama, ya nne nikakaa. Vijitabu vyake sita vya Fukuto vyote nilivipanga mimi, kwa mikono hii.

Sasa kosa. Msomaji avumilie nielezee kazi kidogo, maana bila hivyo hataelewa. Karatasi moja kubwa ikichapwa na kukunjwa hutoa kurasa kumi na sita. Karatasi nne ni kurasa sitini na nne. Kijitabu cha sita, cha mwisho, kilijaa kurasa sitini na nne na kubaki na mistari saba isiyo na pa kukaa. Desturi yetu ilikuwa kumwita mwandishi apunguze mwenyewe. Lakini Mama Zamu alikuwa amesafiri kumuuguza dada yake, wiki ya tatu hiyo, na mwenye kiwanda alitaka mashine iachwe wazi kwa kazi nyingine. Ningeweza kubana mistari ya kurasa mbili tatu, ikaingia. Sikutaka. Ukurasa uliobanwa una sura ya mtu aliyevaa shati la mdogo wake, na mimi miaka arobaini sikuwahi kutoa ukurasa wa namna hiyo. Basi, kwa ajili ya uzuri wa kurasa zangu, nikaikata mistari saba ya mwisho.

Na nikajisemea, mtu mjinga akijisifu hujisifia kila kitu, kwamba hata hadithi inapendeza zaidi hivyo. Ilipoishia ni hapa: mpiga kengele anapanda ngazi mia moja na nane, bonge la mwisho la makaa likiwa mfukoni, mlango wa chumba cha juu uko wazi. Basi. Joka lipo? Halipo? Limekufa? Limeruka? Msomaji haambiwi.

Ile mistari saba sikuirudisha kwenye kasha la herufi. Niliifunga kwa uzi, ikawa kama kijitofali, nikaifunika kwa gazeti na kuiweka kabatini nyumbani. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua.

Mama Zamu aliporudi safari nilimngoja aje kunigombeza. Hakuja. Wiki, mwezi. Nikadhani hakuona. Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilifika mia saba na ushei, hata kiwanda kikafungwa, mashine kubwa ikauzwa chuma chakavu kwa watu ambao hawakuuliza hata ilikuwa ikifanya nini. Mimi nikabaki na kasha la herufi na mashine ndogo ya mkono, ambayo mwenye kiwanda alinipa kama kiinua mgongo.

Ndipo mkutubi wa maktaba ya mtaa, binti mmoja mchangamfu, alipobandika tangazo: Mama Zamu atajibu maswali ya wasomaji kuhusu mwisho wa hadithi za Fukuto, Jumamosi, saa nne asubuhi.

Nikalisoma mara mbili. Nikarudi nyumbani.

"Joka limekupata," mke wangu akasema, huku akikunja nguo.

"Siendi."

"Utakwenda. Na kile kitofali chako utakibeba. Nimechoka kukifuta vumbi kama kaburi la mtu nisiyemjua."

"Watanionaje? Miaka arobaini bila doa!"

"Doa unalo, baba watoto. Umelifunga kwa uzi."

Nilikwenda.

Maktaba ilikuwa imejaa. Watu kama hamsini, viti thelathini. Mama Zamu alikaa mbele kwenye meza ndogo, amevaa gauni la samawati, miwani ina plasta mpya kwa heshima ya siku. Mbele yake aliweka ile kengele ndogo ya mapokezi, akaigonga.

"Zamu ya kwanza! Aliye na swali."

Watu wakacheka, na mambo yakaanza vizuri. Mmoja akauliza joka lilikuwa na rangi gani. Akajibu, "Rangi ya sufuria iliyopikiwa sana." Mwingine akauliza kama Fukuto aliwahi kupiga mswaki. "Kila asubuhi, kwa ufagio. Daktari yuko pale nyuma, mwulizeni kama nadanganya." Daktari akainua mkono, uso umemwiva kwa haya.

Kisha akasimama dereva wa lori, jitu la mtu, kofia mkononi.

"Mama, mimi sina swali. Nataka kushukuru tu. Uliniandikia barua kwamba Fukuto hakufa. Aliruka akavuka milima, na kila jioni anatafuta mnara wa kwao kwa macho. Mimi ile barua naiweka mbele yangu nikiendesha. Nalala nje siku ishirini kwa mwezi, na ikinijia hamu ya nyumbani naisoma."

Watu wakapiga makofi. Mama Zamu hakupiga. Nilimwona akishika miwani.

Mwalimu mmoja mstaafu, mkavu kama chaki, akainuka polepole kutoka safu ya pili. Naye ana barua.

"Samahani. Mimi nilimwandikia mwandishi swali lilelile. Akanijibu, nasoma: 'Mwalimu, Fukuto alikufa kwa heshima yake, moto umekwisha na kazi imekwisha, na mpiga kengele akamfunga macho.' Nilipata barua hii mwaka niliostaafu. Nimeiamini."

Minong'ono. Halafu, wallahi, barua zikaanza kutoka mifukoni na mikobani kama mvua. Muuza viatu ameambiwa joka lilitaga yai. Muuguzi ameambiwa joka lilikuwa bafuni. Mama mmoja ameambiwa joka lilikwenda kumtafuta mama yake.

"Bafuni?" dereva akauliza.

"Imeandikwa hapa! 'Hata majoka hunawa.'"

"Kwa hiyo," mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa vibaya, "umetudanganya. Kila mmoja kwa kipimo chake, kama viatu. Mama, mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na nne kwamba kitabu hakimwambii huyu hivi na yule vile. Lipi la kweli? Kama hakuna la kweli, sema, nirudishe vitabu vyangu vyote sita hapa mezani niondoke."

Alikuwa navyo kweli, kwenye mfuko wa nguo, akavitoa. Na sikuona hasira tu kwake. Mtu aliyeegemea ukuta akiambiwa ukuta ulikuwa pazia, hushika alivyoshika yeye vile vitabu.

Mama Zamu akafungua mdomo. Akaufunga. Akagusa kengele yake bila kuigonga. Nikajua kwamba akinyamaza hivyo dakika moja zaidi, vitabu vile vitarudi mezani, na vya dereva vitafuata, na kila kitu alichojenga kwenye migongo ya kadi kitabomoka kwa ajili ya uzuri wa kurasa zangu.

Nikasimama. Magoti yalilia kuliko koleo la daktari.

"Mwalimu, keti," nikasema. "Mwizi ni mimi."

Nikaeleza yote kama nilivyowaeleza ninyi: kurasa sitini na nne, mistari saba, mwandishi yuko safarini, na kiburi. Kiburi nilikitaja kwa jina lake. Nikamgeukia yeye.

"Mwanangu, nilikukatia mwisho wako. Wewe hukuona, nami sikusema. Nisamehe."

"Sikuona?" Mama Zamu akasema. Sauti ikamrudia. "Mzee wangu, mtu huzaa watoto halafu asijue idadi yao? Niliona siku ile ile! Nilitoka kliniki mbio, nimevaa na koti la kazi, nije nikuchanechane."

"Mbona hukufika?"

"Huyu hapa," akamwonyesha dereva. "Alisimamisha lori katikati ya barabara, watu wanampigia honi, akaniuliza, 'Mama, joka liko wapi?' Miaka ishirini na nne watu wananiuliza saa ngapi, zamu ya nani, choo kiko wapi. Vijitabu vitano nimeandika, nimepata barua moja, nayo ilikuwa ya mtu anayetaka kung'oa jino kwa mkopo. Ndipo mtu akasimamisha lori. Nikageuza njia nikarudi kazini. Na mimi mwisho siuwezi, mnajua wenyewe. Kazi yangu ni kukata. Kila aliyeniandikia nikamtazama kwenye barua yake anaumwa wapi, nikamjibu hapo."

"Kliniki kabisa," daktari akanong'ona.

"Hata hivyo," mwalimu akasema, bado amesimama, "ile mistari saba ilisema nini?"

"Muulize aliyeiiba."

Nikatoa furushi mfukoni, nikafungua gazeti. Herufi zikang'aa. Watu wa mbele wakainama, na mtu mmoja akasema, "Mbona imeandikwa kinyume?" Nikamwambia ndivyo herufi za risasi zilivyo, mpangaji husoma kinyumenyume kama mtu anayerudi nyumbani, na katika chumba kile hakuna mwingine aliyeweza kusoma zile ila mimi. Nilijisikia vizuri kusema hivyo. Haikupita nusu dakika nikaadhibiwa. Uzi ulikuwa umekaa kabatini miaka miwili. Niliinua kile kitofali juu ili kila mtu akione, uzi ukasema tik, na mistari saba ikamwagika sakafuni yote.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini risasi huzoleka. Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu hamsini wakapiga magoti. Dereva aliinua kabati la kamusi peke yake ili muuguzi apenyeze mkono. Mkutubi akaleta sinia. "Nimepata A!" "Hiyo si A, umeishika kichwa chini!" "Mzee, hiki kipande kitupu ni nini?" "Hiyo ndiyo nafasi kati ya neno na neno, mwanangu, nayo ilikuwa na uzito wake." Mwalimu mwenyewe, suruali ya mstari na yote, alitambaa chini ya meza ya magazeti, akatoka na herufi nne na utando wa buibui kwenye nyusi.

Sinia likajaa. Lakini sasa yalikuwa machicha tu, herufi zilizochanganyika, hakuna wa kuyasoma, hata mimi.

"Basi imepotea," mwalimu akasema, amechuchumaa.

"Haijapotea," nikasema. "Kitu alichokiiba mtu hakimtoki kichwani." Nikasimama wima nikaisema, kwa kuwa kila usiku wa miaka miwili nilikuwa nikiisema:

"Ndani kulikuwa na joto. Fukuto alikuwa amejikunja kwenye kona, mkia umefunika pua, anakoroma. Mpiga kengele akaweka bonge la makaa karibu na mdomo wake. Joka likafumbua jicho moja. 'Umechelewa,' likasema. 'Ngazi ni nyingi,' akajibu msichana. Wakacheka, na saa ya mnara, iliyokuwa imesimama miaka mingi, ikagonga."

"Yu hai!" dereva akapiga kelele, akamkumbatia mkutubi na sinia lake. Nusu ya watu wakashangilia. Nusu nyingine wakanuna.

"Mimi naupenda ule mlango," akasema muuguzi.

"Na mimi," akasema muuza viatu. "Mzee alikata vizuri."

Nikamtazama kuona kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Sikujua niiweke wapi sifa ile, na mpaka leo sijui.

Mwalimu hakusema upande wake. Alikuwa akijipangusa magoti. Mama Zamu akamwinamia kutoka mezani.

"Mwalimu, vitabu nivichukue?"

"Mwisho wa mwandishi ni upi? Huo wa mzee, au ule wa barua yangu?"

"Huo niliandika kabla sijakujua," akasema Mama Zamu. "Wa barua niliandika nikikujua. Mzee Risasi atachapa ile mistari kwenye kikaratasi. Anayeutaka aubandike nyuma ya kitabu. Asiyeutaka aache mlango wazi. Na barua yangu kwako siifuti."

Mwalimu akafikiri muda mrefu, kama anayesahihisha mtihani wa mtoto wake mwenyewe. Kisha akarudisha vitabu mfukoni kimoja kimoja.

Jumamosi iliyofuata walikuja nyumbani kwangu wapatao ishirini, wakajazana kwenye chumba cha nyuma kuona mpangaji akipanga. Mke wangu aliwatolea viti vya jirani. Nilitenganisha machicha yote, nikapanga upya mistari saba, na kila mmoja alivuta mkono wa mashine akatoa kikaratasi chake mwenyewe, wino ungali unanuka. Neno la mwisho kabisa lilinisumbua: herufi k moja haikuonekana, tuliitafuta sinia nzima. Nikaweka k ya aina nyingine, nene.

"Hii k imenenepa," Mama Zamu akasema mara moja, amekisogeza kikaratasi karibu na miwani.

"Umeiona?"

"Mzee, nilikwambia najua idadi."

Dereva alibandika chake mbele ya usukani, si kitabuni. Mwalimu alikikunja mara nne akakitia mfuko wa ndani wa koti, akasema ataamua. Nilimwona juzi barabarani nikamuuliza. Anasema bado anaamua. Ana afya nzuri sana siku hizi.

Mwezi mmoja baadaye ilikuja kliniki bahasha nzito ya ajabu kwa ukubwa wake, kutoka mji wa mbali. Mama Zamu akaniletea nione. Ndani mlikuwa na ile k, imefungwa kwa karatasi ya sigara. Dereva aliikuta kwenye pindo la suruali yake akifua nguo mtoni. Na barua, mistari miwili: "Hii ni yenu. Ila mama, nimelala nikiwaza: ile saa iligonga mara ngapi?"

Mimi niliirudisha k kwenye kasha, kwenye chumba chake, kati ya ndugu zake. Nilipogeuka, Mama Zamu alikuwa tayari amevuta kadi ya miadi kutoka mkobani, ameigeuza mgongo, na anaandika pembeni namba moja.